Uso wa Jana, Sini ya Leo: Kazi ya Mpambaji wa Filamu

Watazamaji wa filamu za kwetu wana kero yao ya siku nyingi. Mhusika amelala, ni saa tisa za usiku, mlango unagongwa, anakurupuka kitandani: kope za bandia zimekaa sawasawa, nyusi zimechongwa, mdomo unang'aa. Au ni mama wa kijijini anayerudi kupalilia mahindi, ana fandesheni ya harusi usoni na kucha za kubandika zimeshika jembe. Watu hucheka, huipiga picha sini hiyo na kuisambaza kwenye simu, na lawama humwangukia mwigizaji wa kike kwamba anapenda kupendeza kuliko kuigiza. Mara nyingi anaonewa. Kichekesho kile kina sababu zake, na ukizifuata utafika kwenye kazi ambayo wengi hudhani wanaijua kwa kuwa wameshaona brashi na poda.

Sababu ya kwanza ni kwamba kwenye filamu ya bajeti ndogo, mpambaji hayupo kabisa. Mwigizaji huambiwa aje amejipamba, naye hujipamba kwa namna anayoijua, yaani ile ya kutokea. Ya pili, hata mpambaji akiwepo, mara nyingi ametoka kwenye saluni ya maharusi, na huko kipimo cha kazi ni kimoja: bibi harusi atoke amewaka. Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba hakuna aliyempa skripti. Mpambaji asiyesoma skripti hajui mhusika ametoka wapi wala amepatwa na nini. Anachokiona ni uso mbele yake, basi ataupendezesha tu, afanye nini kingine?

Hapo ndipo kazi ya filamu inapoachana na kazi ya saluni. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Nyumba ikikodiwa kwa siku mbili, sini zote za nyumba hiyo zitapigwa ndani ya siku hizo mbili, hata kama moja ni ya mwanzo wa hadithi na nyingine ni ya miaka mitano baadaye. Asubuhi mwigizaji ni binti aliyeolewa jana, saa nane mchana ni mke aliyechoka, jioni anarudi kuwa binti kwa sababu jua la dirishani limekaa vizuri. Mwongozaji anawaza uigizaji na kamera. Mwigizaji anawaza maneno yake. Anayepaswa kujua uso ule una umri gani, umelala au umekesha, umelia au bado, ni mpambaji.

Kwa hiyo kazi huanza wiki kadhaa kabla ya kamera kuwashwa, na huanza kwa kalamu. Mpambaji anaisoma skripti yote, kisha anaigawa katika siku za hadithi: siku ya kwanza ni hii sini ya shule, ya pili ni msiba, ya tatu inakuja baada ya miezi sita. Kila mhusika anapata ukurasa wake, na kila sini inaulizwa maswali. Ni saa ngapi? Kuna joto? Ametoka kufanya nini dakika tano kabla ya sini kuanza? Ana fedha ya kununua rangi ya mdomo, au rangi hiyo ni ya dada yake? Nani alimsuka, na lini? Mtu aliyesukwa wiki tatu zilizopita ana nywele zilizoanza kuchomoza kwenye mistari, na mtazamaji yeyote wa kike ataliona hilo hata kama hatalisema.

Chukua mfano mmoja ambao ukanda wetu wa pwani unaufahamu vizuri, hina ya bibi harusi. Tuseme hadithi ina harusi ya Kiswahili katikati. Kwa kuwa ukumbi umepatikana Jumatatu, sini ya harusi inapigwa Jumatatu, wiki ya kwanza kabisa ya kushuti. Mpambaji mgeni wa filamu atafurahi: ataita fundi wa hina, mikono na miguu itachorwa maua usiku kucha, na picha itatoka safi sana. Jumatano wanakwenda kupiga sini za kabla ya harusi, binti akiwa bado kwao, hajachumbiwa. Mikono ile ina hina. Haioshwi, haifutiki. Kwenye ngozi itafifia kwa wiki moja hadi tatu, kwa madoadoa yasiyolingana, na kwenye kucha itakaa mpaka kucha zenyewe zikue zikatwe. Mwongozaji sasa atalazimika kuificha mikono ya binti nyuma ya mtandio kwa nusu ya filamu.

Aliyesoma ratiba hafanyi hivyo. Atazungumza na msaidizi wa mwongozaji mapema ili sini za kabla ya harusi zitangulie, na hilo likishindikana, hina haitakuwa hina. Atachora kwa rangi za spiriti, zile zinazoyeyushwa kwa alkoholi, zinazostahimili jasho na kuondoka jioni kwa kiondoa rangi chake. Kisha atatengeneza hatua zake: maua mekundu mazito kwa siku ya harusi na fungate, hudhurungi ya chungwa kwa wiki ya pili, vivuli vilivyokatikakatika kwa wiki ya tatu, na kwa mwezi wa tatu ncha za kucha peke yake. Mwezi huo wa tatu ndio unaonifurahisha zaidi. Mwanamke ameketi jikoni, ndoa imeshaanza kuchacha, na kwenye kucha umebaki mstari mwembamba mwekundu. Hakuna neno lililosemwa, na hadithi imesonga.

Hatua hizo zinahitaji kumbukumbu. Zamani wapambaji walitembea na kamera za Polaroid, zinazotoa picha papo hapo, na mafaili yaliyotuna picha; leo simu inatosha, lakini nidhamu ni ileile. Uso mbele, kushoto, kulia, mikono, shingo, nyuma ya kichwa, kila picha na namba ya sini yake, ikipigwa mwisho wa sini na mwanzo wake pia, kwa sababu mhusika aliyeingia na poda huenda ametoka na machozi. Kwenye seti kuna mtu anayesimamia kontinuiti ya filamu nzima, yaani vitu vifanane kutoka sini hadi sini, nguo, vikombe na saa ya ukutani, naye na mpambaji hulinganisha daftari zao kila wakati. Wakitofautiana kuhusu kovu lilikuwa nyusi ya kushoto au ya kulia, picha ndiyo inayoamua.

Jeraha nalo lina kalenda yake. Kwenye ngozi nyeupe kipigo huanza na wekundu na uvimbe, kesho yake huwa zambarau na buluu, baada ya siku kadhaa pembeni huingia kijani, kisha njano, kisha hudhurungi. Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa kwa ngozi hiyo, na anayevifuata bila kufikiri atampaka mwigizaji wa Dodoma duara la buluu na nyekundu lisilofanana na kitu chochote kilichowahi kutokea Dodoma. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Kinachoonekana ni uvimbe, mng'ao wa ngozi iliyovutwa, weusi uliozidi weusi wa kawaida wenye zambarau ndani yake, na damu iliyovilia kwenye weupe wa jicho. Mpambaji hodari hujenga uvimbe kwanza, rangi baadaye. Na hakuna kitabu kitakachomfundisha hilo vizuri kuliko picha halisi za majeraha, ambazo wapambaji wa filamu hukusanya kwa wingi mpaka ndugu zao huanza kuwatilia shaka.

Rangi ya ngozi inatupeleka kwenye kamera, maana mekapu ya filamu ilizaliwa kwa sababu ya kamera na haikuzaliwa kwa sababu ya uzuri. Filamu za kwanza za nyeusi na nyeupe zilikuwa na utepe usioiona rangi nyekundu: kila chekundu kilitoka cheusi, na buluu ilitoka karibu nyeupe. Uso wenye wekundu kidogo wa damu ulionekana mchafu kwenye pazia, na mdomo uliopakwa rangi nyekundu ukawa shimo. Waigizaji walikuwa wanatumia rangi nzito za jukwaani, ambazo zilikauka na kupasuka, na kamera ya karibu ilizionyesha nyufa zote. Max Factor, mtengeneza wigi aliyezaliwa Poland na kuhamia Marekani, alitengeneza mwaka 1914 rangi laini ya krimu kwa ajili ya filamu. Baadaye utepe ulipobadilika na kuanza kuona rangi zote akabadilisha tena, na filamu za rangi zilipoingia kampuni yake ikaja na unga uliogandamizwa kwenye kopo, unaopakwa kwa sponji lenye maji. Wanawake waliouona kwenye sinema wakautaka madukani. Sehemu kubwa ya kilichomo leo kwenye mkoba wa mekapu wa mtu wa kawaida kilianzia kwenye tatizo la fundi wa kamera.

Mabadiliko hayo yote yaliwafikiria watu weupe. Kodak, kampuni ya utepe wa picha, kwa miaka mingi ilisambaza kwenye maabara kadi ya picha ya mwanamke mweupe, na rangi za picha zote zilisawazishwa kwa kumtazama yeye. Ngozi nyeusi ikatoka bila umbo, macho na meno tu. Yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha utepe wake, kwa maelezo ya waliofanya kazi humo, ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, ambao picha za matangazo yao hazikutenganisha hudhurungi moja na nyingine. Malalamiko ya wenye ngozi yenyewe hayakutosha.

Mpambaji wa Afrika Mashariki anaishi na urithi huo mpaka leo. Poda nyingi zina titani dioksidi au oksidi ya zinki, na juu ya ngozi nyeusi hizo hutoa rangi ya majivu, hasa mwanga mkali ukipiga. Fandesheni za rangi za giza zilikuwa adimu sana. Ni mwaka 2017, Rihanna alipozindua chapa yake ya Fenty Beauty kwa rangi 40, ndipo kampuni nyingine zilipokimbilia kupanua orodha zao. Kabla ya hapo watu walichanganya wenyewe, na wenye uzoefu bado wanachanganya, kwa sababu ngozi nyeusi ina nyekundu, njano, buluu na kijani chake, na paji la uso huwa jeusi kuliko mashavu. Ukiupaka uso wote rangi moja umeubandika barakoa. Kazi nzuri kwenye ngozi nyeusi hupunguza unga na kuacha mng'ao mahali mwanga unapostahili kukaa, kwenye mfupa wa shavu na ukingo wa pua, maana ni mng'ao huo unaoupa uso umbo mbele ya kamera.

Kisha kuna mkorogo, vipodozi vya kujichubua ngozi. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, ila mpambaji hukutana navyo kwenye kiti chake kila wiki: uso umekuwa mweupe, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, mashavu yana mishipa. Kwa picha ya harusi unaweza kumfichia. Kwa filamu ambayo mhusika ni mkulima wa mwaka 1960 inabidi kumrudishia rangi yake mwili mzima, mikono, shingo na masikio, kila asubuhi, na kumwambia hivyo kwa staha. Hiyo staha ni sehemu ya kazi. Mpambaji ndiye mtu wa kwanza kumgusa mwigizaji alfajiri, anausikia msiba wake, hangover yake, ugomvi wake na mumewe, na anatakiwa kumtoa kitini akiwa tayari kuigiza. Maneno ya kitini hayatoki nje ya chumba hicho. Anayeyatoa hapati kazi ya pili.

Upande wa mazimwi, wazee na majeraha makubwa ndio unaowavuta vijana, na hapa inafaa kukaa kidogo, maana watu huona matokeo wasijue njia.

Mwaka 1931, Jack Pierce, Mgiriki aliyehamia Marekani na kuongoza idara ya mekapu ya studio ya Universal, alimgeuza Boris Karloff kuwa kiumbe cha filamu ya kutisha ya Frankenstein. Kila siku ya kazi ilimchukua yapata saa nne. Alijenga kichwa kile kwa pamba na kolodioni, utomvu wa kemikali unaokauka ukawa ngozi, safu juu ya safu, moja kwa moja kwenye paji la mwigizaji. Karloff naye aliyang'oa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee. Umbo lile bado linauza vinyago duniani kote. Lakini Pierce alishikilia njia yake ya kujenga upya kila asubuhi wakati wenzake walishaanza kutengeneza vipande vya povu la mpira vinavyobandikwa kwa muda mfupi, na katika miaka ya 1940 studio ikaachana naye. Kipaji hakikupungua, saa zilikuwa ghali.

Njia ya vipande inaenda hivi. Mwigizaji anamiminiwa usoni aljineti, unga uleule ambao daktari wa meno huchanganya na maji ili kuchukua umbo la taya, matundu ya pua yakiachwa wazi. (Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi, mwani wetu wa Paje na Jambiani hutoa karajinani, kitu kingine.) Juu yake hufungwa bandeji za plasta. Baada ya muda anatolewa, na ndani ya ganda lile humiminwa jasi, ukapata uso wake mgumu kama alivyo. Mchongaji anaweka udongo wa mafuta juu ya uso huo wa jasi na kuchonga anachokitaka: mikunjo, pua nyingine, kidevu kinachoning'inia. Anachukua umbo la hicho tena, anautoa udongo, na sasa kati ya ukungu wa nje na uso wa jasi pamebaki nafasi yenye unene wa udongo ule. Nafasi hiyo ndiyo ngozi bandia. Kama ni povu la mpira, linapigwa kwenye mashine ya keki mpaka liumuke, linamiminwa humo na kuokwa ovenini. Siku hizi wengi hutumia silikoni, kwa sababu mwanga hupenya ndani yake kidogo kama unavyopenya ngozi ya mtu, ilhali povu la mpira huuzuia na lazima lidanganywe kwa rangi.

Kila kitu kinaamuliwa na ukingo. Kipande lazima kiishe kwa wembamba wa karatasi ya sigara ili kiyeyukie kwenye ngozi bila mstari. Na kwa kuwa ukingo huo huharibika wakati wa kubandua, kipande cha jana hakivaliki leo. Filamu ya siku 30 inahitaji seti 30, pamoja na za akiba. Mtayarishaji anayeuliza kwa nini uzee wa bibi unagharimu kiasi kile anauliza jambo hili bila kujua.

Aliyeufikisha uzee mahali ulipo ni Dick Smith. Alikwenda Chuo Kikuu cha Yale akiwa na nia ya kuwa daktari wa meno, akaishia kuanzisha idara ya mekapu ya televisheni ya NBC mjini New York mwaka 1945. Badala ya barakoa moja ya uso mzima, aliugawa uso katika vipande vingi vinavyopandana, ili misuli ya mwigizaji iendelee kusogea chini yake. Kwa njia hiyo alimfanya Dustin Hoffman kuwa mzee wa miaka 121 mwaka 1970, na miaka mitatu baadaye akamzeesha Max von Sydow, aliyekuwa na miaka arobaini na ushei mdogo, akawa kasisi mkongwe ambaye watazamaji wengi hawakutambua kuwa ana mekapu hata chembe. Kwa Salieri mzee wa filamu ya Amadeus alipata Oscar.

Ninachompendea zaidi Smith hakipo kwenye picha. Katika fani ambayo mafundi walifungia siri zao kabatini, yeye alijibu barua. Kijana yeyote aliyemwandikia alipata majibu kwa urefu, na fomula za kuchanganya. Rick Baker, baadaye mpambaji mashuhuri wa Hollywood, alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa Kyoto, Kazu Hiro, aliyeona kwenye gazeti la filamu jinsi Smith alivyomgeuza mwigizaji kuwa Abraham Lincoln, akaanza kujigeuza Lincoln mwenyewe, kisha akatafuta anwani. Barua hizo zilimfikisha Marekani mwaka 1996, kwenye karakana ya Baker. Mwaka 2012 akaacha filamu kwa kuchoshwa na mazingira yake, akageukia sanamu. Mwigizaji Gary Oldman akamfuata huko huko na kumwambia kwamba hatamwigiza Churchill asipokuwa yeye. Kazu Hiro akapata Oscar mwaka 2018, na ya pili mwaka 2020 kwa kumbadilisha Charlize Theron kwa vipande vidogo vya kope, pua na kidevu ambavyo mtu anaweza kutazama filamu nzima asivione.

Oscar yenyewe ilichelewa kuja. William Tuttle na John Chambers walipewa tuzo za heshima katika miaka ya 1960, bila kuwapo kundi la tuzo ya mekapu la kushindaniwa. Chambers aliwahi kutengeneza viungo bandia kwa askari waliojeruhiwa vitani kabla ya kutengeneza nyuso za sokwe wa Hollywood, na mwaka 1980 aliisaidia CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kuunda kampuni hewa ya filamu iliyotumika kuwatoa Wamarekani sita Tehran. Mwaka huohuo ilitoka filamu kuhusu Joseph Merrick, Mwingereza aliyeharibika umbo kwa ugonjwa, ambayo mpambaji wake, Christopher Tucker, alifanyia kazi maumbo ya jasi yaliyochukuliwa kwenye mwili wa marehemu na kuhifadhiwa hospitali ya Royal London. Haikuwepo tuzo ya kumpa, watu wakalalamika, kundi likaanzishwa, na Rick Baker akawa wa kwanza kulishinda mwaka 1982.

Mshindi wa mwaka 2021 anajibu vizuri swali la urembo. Viola Davis aliigiza mwimbaji wa bluzi wa miaka ya 1920 akiwa na meno ya dhahabu, wanja uliochuruzika na rangi ya uso inayoyeyuka kwa joto la Chicago. Sergio Lopez-Rivera alishughulikia mekapu. Wigi, mojawapo ikiwa ya nywele za farasi, zilikuwa za Mia Neal na Jamika Wilson, wanawake weusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Walituzwa kwa mekapu iliyoharibika kwa mpango.

Sisi hatuna karakana za silikoni kila mtaa, na si lazima. Ukienda Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana hutengeneza filamu za mapigano kwa bajeti ya kuokoteza, damu hujazwa kwenye kondomu na kupasuliwa kifuani. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, wakaiacha kwa sababu za kiafya wakahamia rangi ya chakula, na walifanya vema. Damu ya filamu ni sharubati nzito na rangi ya chakula, nyekundu yenye tone la njano ikiwa mbichi, na kahawia ikiongezwa ikiwa imekauka. Filamu za nyeusi na nyeupe ziliwahi kutumia sharubati ya chokoleti na hakuna aliyegundua. Jasho ni gliserini na maji kwenye chupa ya kupulizia. Machozi ni mentholi chini ya jicho. Majaribio yote yafanywe mbele ya kamera yenyewe na taa zenyewe, kwani kioo cha chumba cha kuvalia hudanganya.

Siri kubwa ya kazi hii, kama ipo, ni usafi. Brashi moja iliyopita kwenye macho ya watu wanane inaweza kuiangusha ratiba nzima kwa wekundu wa macho. Rangi huchotwa kwa kijiko bapa na kuwekwa kwenye sahani ya chuma, brashi za kope hutumika mara moja na kutupwa, alkoholi haikosekani, na hakuna kupuliza unga kwa mdomo. Piko na hina nyeusi za dukani mara nyingi huwa na kemikali ya PPD, inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu la umbo la ua lililochorwa. Mwigizaji apimwe nyuma ya sikio siku mbili kabla, au itumike rangi nyingine.

Kwa anayetaka kuingia, harusi hazina ubaya. Zinalipa kodi ya nyumba, zinafundisha kasi na zinakukutanisha na nyuso za kila aina. Lakini mwongozaji hatakuajiri kwa albamu ya maharusi. Muonyeshe uso mmoja katika siku nne za hadithi: kabla ya kipigo, jioni yake, wiki moja baadaye, na kovu. Filamu za wanafunzi wa TaSUBa, taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, na wa vyuo vingine huhitaji watu. Fanya mbili tatu. Tamthilia za televisheni ndiyo ajira ya kudumu zaidi, na ndiyo shule kali ya kontinuiti, maana mhusika mmoja anaweza kukaa hewani mwaka mzima.

Halafu kuna mkataba, ambao wengi wetu tunauonea haya kuuzungumzia. Siku za kusoma skripti na kufanya majaribio zilipwe, kwa sababu ndizo zinazookoa siku za kamera. Vifaa vinavyoisha, yaani sponji, gundi, rangi, viwe na fungu lake nje ya ujira. Jina liandikwe mwisho wa filamu kama lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Na kwa kuwa mpambaji anafika saa kumi na moja alfajiri kabla ya wote, na usiku anabaki kubandua vipande kwa mafuta taratibu ili ngozi ya mwigizaji isichubuke, kuosha brashi na kupanga picha za kesho, usafiri wa kumrudisha nyumbani uwe umeandikwa humo, kwa maana gari la waigizaji litakuwa limeondoka zamani.